Picha za likizo ya Desemba

Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa zangu, na wadogo nawasabahi.

Likizo imekaribia, watoto wanarudi Mikindani na Newala. Mwaka huu naomba tusipige picha za kusimama mstari tu. Nipigieni bibi akibangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu. Nipigieni watoto wakigombania mabibo, maji yanawatiririka hadi viwikoni. Hizo ndizo nazitafuta kila nikimkumbuka marehemu babu, maana picha yake tunayo moja tu, ya kitambulisho.

Mchana acheni. Jua letu miezi hii liko utosini, macho yote yanaingia kivuli. Pigeni asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni, na mchuchumae mlingane na mtoto. Futeni kioo cha kamera kwanza, kwa kanga safi inatosha.

Wanaopamba Krismasi, msisubiri pambo likamilike. Mpigeni picha aliye juu ya kigoda akifunga karatasi za rangi. Wa kambi ya skauti, wakikunja mahema.

Wa jando, jamani, kumbini simu isiingie kabisa. Tungoje siku watakayotoka.

Mkituma humu, tumeni kama faili, siyo picha ya kawaida, kwani WhatsApp huzipunguza ubora na nataka kuzisafisha. Andikeni na majina ya waliomo, hata ya mtoto wa jirani. Mama mdogo, ile ya Idi ya kupaka hina bado naingoja.