Fungueni oili ya gia kabla ya kununua mashine ya boti

Mhariri,

Huu ni mwaka wa saba nafanya kazi kwenye uwanja wa kupandishia boti hapa Stockholm, Uswidi. Kila Oktoba tunaandaa mashine zisipasuliwe na barafu, kazi ambayo nyumbani Pangani sikuwahi kuisikia. Nawaandikia wavuvi wenzangu wanaoletewa mashine zilizotumika huku.

Maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9, na chuma hakifui dafu. Mashine ya kupachika nyuma ya boti tunaiwasha kwa maji ya mpira ioshike ndani, petroli tunaitia dawa isichache, silinda tunazipulizia oili, kisha tunaisimamisha wima maji yashuke yote. Injini ya ndani ya boti hukaushwa maji, halafu hunyweshwa glaikoli, dawa isiyoganda kwa baridi, mpaka itokee kwenye ekzosi. Mwisho ni oili ya gia, kule chini kunakozama baharini, na hapo ndipo wengi wanapozembea. Sili, yaani mpira unaozuia maji yasipenye, ikichakaa maji huingia humo, yakatulia chini ya oili. Baridi ikishika, kasha la gia linapata ufa mwembamba kama unywele.

Mashine ya namna hiyo niliinunua mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza huku, ya nguvu za farasi 40, nikamtumia mdogo wangu. Iling'aa. Ufa ulikuwa umezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi juu yake. Safari ya tatu, karibu na kisiwa cha Maziwe, gia zikasagika. Walikuwa watu wanne na kusi limeshaanza kuvuma. Mashua iliyokuwa ikirudi ndiyo iliyowavuta hadi Pangani, usiku. Mpaka leo mdogo wangu hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi kabla hujatoa pesa, fundi alegeze skrubu ya chini ya oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Oili ikiwa nyeupe kama tui, sili imekwisha. Kagua kasha lote kwa tochi. Ukiona rangi mpya upande wa chini tu, ikwanguliwe kwanza.

Nanyi mlio ughaibuni mnaowanunulia wa nyumbani, muulizeni muuzaji mashine ililala wapi majira ya baridi, na oili ya gia ilibadilishwa lini. Ikiwa ilibadilishwa kabla ya theluji, mwambieni awaonyeshe risiti.

Mvuvi wa zamani wa Pangani,
Stockholm