Joto linaachia breki

Morogoro

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na uwasalimie wote hapo nyumbani. Barua yako imefika. Umeuliza kwa nini miche ya nyanya kwenye kitalu chenu imerefuka kama uzi baada ya kuongezewa kivuli, wakati kivuli chenyewe kiliwekwa ili kuipunguzia joto. Jibu limo ndani ya seli, kwenye namna jeni zinavyofunguliwa na kufungwa. Nianzie huko, kitaluni tutarudi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Nyuzi 37 za Selsiasi ni dhiki kwa mmea: protini zinaharibika umbo, na jeni za kujikinga na joto kali, kama HSP70 na HSP101, zinawashwa. Nyuzi 28 kwa mmea uliokuwa kwenye 20 au 22 si dhiki. Hakuna kinachoungua. Mmea unabadili umbo tu: kishina kilicho chini ya majani ya mbegu kinarefuka, vikonyo vya majani vinarefuka na kuinuka, na maua yanawahi. Mengi tunayoyajua yametoka kwa Arabidopsis thaliana, gugu dogo la ukoo wa kabichi na sukuma wiki.

Mtendaji mkuu ni protini inayoitwa PIF4. Inajishika kwenye DNA karibu na jeni YUC8, jeni inayozaa kimeng'enya cha kutengenezea homoni ya auksini. Auksini hutengenezwa kwenye majani ya mbegu, hushuka hadi kwenye kishina, na huko huamsha jeni za kundi la SAUR. Protini za SAUR huziachia pampu za utando wa seli zisukume protoni nje. Ukuta wa seli unapata asidi, unalegea, seli inavuta maji na kurefuka. Angalia vizuri: kwenye kishina hicho ni seli zilezile zinazovutika, wala si seli mpya nyingi. Ndiyo maana mche wa namna hiyo ni mwembamba, na ukiumwagilia kwa nguvu unalala chini. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba mimea iliyokosa PIF4 hairefuki hata ikiwekwa kwenye nyuzi 28.

Sasa, joto linaifikiaje PIF4? Kwa kiasi kikubwa linafanya kazi kwa kuachia breki zilizokuwa zinaizuia.

Breki ya kwanza ni fitokromu B, protini inayohisi mwanga. Mwanga mwekundu, wa nanomita kama 660, unaiweka katika hali ya kufanya kazi, na ikiwa katika hali hiyo inaizuia PIF4. Mwanga mwekundu uliokolea zaidi, wa nanomita kama 730, unairudisha kwenye usingizi. Lakini pia inarudi usingizini yenyewe bila mwanga wowote, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyorudi haraka. Tafiti mbili za mwaka 2016 ndizo zilizoonyesha kwamba protini hii, iliyojulikana kama kipokea mwanga, ni kipimajoto vilevile.

Breki ya pili ni protini ya ELF3, inayoshirikiana na wenzake ELF4 na LUX kuifunga jeni ya PIF4 jioni na usiku. Joto likipanda, ELF3 inajikusanya kwenye vitone ndani ya seli na kuiachia DNA. Mwaka 2020 ilibainika kwamba hilo linatokana na kipande kimoja cha protini hiyo. Nyasi ya Brachypodium ina ELF3 isiyo na kipande hicho, na ukiihamishia ndani ya Arabidopsis badala ya ELF3 yake, mwitikio kwa joto unapotea. Kwa hiyo usiyabebe haya moja kwa moja hadi kwenye mahindi au mpunga, ambayo nayo ni jamii ya nyasi.

Yapo mengine nitayapita haraka: histoni H2A.Z, protini ambayo DNA huizungukia, inayoondoka kwenye DNA joto linapopanda na kuacha jeni wazi zaidi. Na RNA (nakala ya jeni ambayo protini hutengenezwa kutokana nayo) ya PIF7, ndugu wa PIF4, iliyojikunja kama pini ya nywele, ambayo kwenye joto inalegea na protini yake inatengenezwa kwa wingi.

Turudi kitaluni. Mwanga ukiwa mkali, fitokromu B inaamshwa haraka kuliko joto linavyoilaza. Ukipunguza mwanga, joto linashinda. Kwa hiyo kivuli kizito kwenye hewa ya moto ni mchanganyiko mbaya kuliko jua lenyewe. Kivuli cha mti kinazidi ubaya, kwa sababu majani hunyonya mwanga wa 660 na kupitisha ule wa 730. Neti nyeusi hupunguza yote karibu sawasawa. Miche iliyosongamana nayo hutupiana mwanga wa 730 hata kabla ya kufunikana. Basi: ondoeni nyasi za kufunikia mara miche ichomozapo, wekeni nafasi, fungueni pande za kitalu hewa ipite, na kivuli kibaki cha saa za jua la utosi tu. Mabanda ya vioo Ulaya na Marekani hushusha joto kwa saa mbili tatu kuanzia alfajiri ili kufupisha mimea. Nanyi fungueni kitalu saa kumi na moja alfajiri, hewa ya baridi iingie.

Wanafunzi wako wakitaka kuliona hili maabara, chukueni mbegu za Arabidopsis za kawaida na zile zisizo na PIF4. Zisafisheni kwa ethanoli ya asilimia 70 dakika 2, kisha jiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji dakika 10, suuzeni mara 5 kwa maji yaliyotakaswa. Lishe: gramu 2.2 za chumvi za MS (mchanganyiko wa madini ya kulishia mimea maabara) na gramu 8 za agari ya kugandishia kwa lita, pH 5.7. Sukari msitie, maana yenyewe hurefusha kishina na mtadhani ni joto. Siku 3 gizani kwenye nyuzi 4, siku 4 kwenye kabati la kuoteshea la nyuzi 22, halafu nusu ya sahani zihamie kabati la 28 kwa siku 3. Pimeni miche 20 au zaidi kila kundi, kwa skana na programu ya ImageJ.

Makosa makubwa ni mawili. Taa za makabati mawili hazilingani. Zipimeni kwenye usawa wa sahani, la sivyo mtakuwa mnapima kivuli. Na joto la ndani ya sahani huzidi la kabati, kwa hiyo kipimajoto kikae ndani ya sahani tupu yenye agari. Mkipima RNA ya YUC8, sampuli zote zichukuliwe saa ileile, kwa kuwa PIF4 inapanda na kushuka na saa ya ndani ya mmea.

Nitumie vipimo vya mwanga vya makabati yote mawili kabla hamjapanda.

Rafiki yako,
Mwanaidi