Chuma cha Mbozi kilitengenezewa wapi

Mbeya, 19 Julai

Dada Atupele,

Kamwene! Nasikia baridi ya Mafinga mwaka huu haina adabu. Huku Forest nako asubuhi hakutoki mtu bila koti. Mama hajambo, goti tu ndilo linamsumbua, na anashukuru sana kwa parachichi.

Nije kwenye swali la mwanafunzi wako. Mlipokuwa Ndolezi, wenzake wakigombania kupiga picha na Kimondo, lile bonge la chuma lililoanguka Mbozi kutoka angani, yeye akakuuliza hicho chuma kilitengenezewa wapi, na nani aliona. Ukamjibu kwamba kilitengenezwa na nyota, akanyamaza bila kuridhika. Mtunze huyo mtoto. Hapo kwenye "nani aliona" ndipo watu wazima wanapowasha kompyuta za kujaa ukumbi mzima.

Mwanzo wake unaufundisha kila mwaka: nyota yenye uzito wa jua letu mara nane au zaidi huunganisha haidrojeni, kisha heliamu, inapanda hivyo hivyo mpaka kiini chake kinakuwa chuma, na chuma ukikiunganisha hakikupi nishati tena. Kiini kikielemewa, kitu chenye ukubwa kama wa dunia kinaporomoka kwa chini ya sekunde moja na kubaki na upana wa makumi ya kilomita. Kinadunda, na wimbi la mshindo linaanza safari ya kuelekea nje.

Sasa, kwa miaka mingi karibu kila aliyeiweka hesabu hiyo kwenye kompyuta aliona wimbi likifika kama kilomita 150 kutoka katikati, likasimama hapo. Angani nyota zinalipuka, kwenye kompyuta zinagoma! Mwaka 1985 wanafizikia Hans Bethe na James Wilson walieleza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zinazomwagika kutoka kwenye kiini kipya zinaweza kupasha moto gesi iliyo nyuma ya wimbi na kulisukuma upya. Wazo lilikuwa zuri, lakini nyota nyingi ziliendelea kugoma, kwa sababu zilihesabiwa kama tufe kamilifu, kila upande ukiwa sawa na mwenzake. Gesi halisi huchemka. Ya moto inapanda, ya baridi inashuka, na katika vurugu hiyo gesi inakaa muda mrefu zaidi kwenye joto la nyutrino. Kompyuta zilipopata nguvu ya kuhesabu pande zote tatu, hasa miaka ya 2010, makundi ya watafiti ya Garching kule Ujerumani, na Princeton na Oak Ridge kule Marekani, yakaanza kupata nyota zinazolipuka zenyewe. Si zote. Ipi italipuka na ipi itamezwa na shimo jeusi, bado wanabishana, na mimi napenda wanavyobishana.

Gharama yake inatokana na nyutrino zenyewe. Hubeba kama asilimia 99 ya nishati yote, mlipuko tunaouona unabakiwa na asilimia 1 hivi, kwa hiyo ukikosea kidogo tu kwenye nyutrino umeupoteza mlipuko mzima. Na kila mahali ndani ya nyota lazima ujue nyutrino zinaelekea wapi na zina nishati kiasi gani: namba tatu za mahali, mbili za mwelekeo, moja ya nishati, halafu urudie kwa vipande vidogo vidogo vya muda. Sekunde moja ya nyota inaweza kula wiki nyingi za mashine.

Mashine kama Frontier ya Oak Ridge, iliyokuwa ya kwanza kutangazwa rasmi kuvuka hesabu bilioni moja ya bilioni kwa sekunde, mwaka 2022, ina prosesa za michoro (GPU), zinazofanya hesabu nyingi kwa pamoja, zaidi ya 37,000. Nyota inakatwa vipande, kila prosesa inapewa chake. Ni kama wachuma chai wa Rungwe: kila mtu ana mstari wake, lakini lori haliondoki mpaka kapu la mwisho lipimwe. Prosesa moja ikichelewa, maelfu yanakaa yanasubiri huku umeme unaliwa. Na umeme wenyewe! Frontier hula megawati 20 na ushee. Bwawa letu la Mtera likizalisha kwa uwezo wake wote ni megawati 80.

Watafiti wenyewe wala hawaigusi mashine. Hata mimi, hizi hesabu zangu za mvua za Nyanda za Juu, natuma Cape Town kwa intaneti, kwenye kompyuta yao iitwayo Lengau, naamka usiku kuchungulia nakuta bado herufi Q, yaani niko foleni. Herufi hiyo naichukia.

Turudi kwa mtoto. Mwambie kwanza kwamba chuma cha kiini hakitoki, kinabaki ndani na kugeuka nyota ya nyutroni, yaani lile bonge dogo lililoshindiliwa mno. Kinachotoka ni silikoni ya tabaka la juu, inayopigwa na wimbi na kuwa nikeli-56, aina ya nikeli isiyodumu. Hiyo hugeuka kobalti, na kobalti hugeuka chuma, nusu yake kila baada ya siku 77 hivi. Chuma kingine, tena kingi, hutoka kwenye nyota vibete nyeupe, yaani viini vya nyota ndogo zilizomaliza mafuta yake, zinapolipuka, ila hiyo tuiache kwa barua nyingine.

Na mwambie walioona wapo. Februari 1987 nyota ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu. Vyombo vya chini ya ardhi vilinasa nyutrino zipatazo 25, saa chache kabla ya mwanga kufika. Halafu kwa miezi mingi mwanga wake ukafifia kwa mwendo ule ule wa kobalti, kiasi kwamba wakakadiria chuma kilichozaliwa pale: uzito wa dunia yetu zaidi ya mara 20,000.

Likizo ya Septemba njoo naye. Nyota ile ya tufe kamilifu inahesabika hata kwenye laptopu yangu. Ataiona ikigoma, kisha aongeze joto la nyutrino kwa mkono wake mpaka ilipuke. Nijulishe mapema tu, nisije nikawa safarini Tukuyu.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi kaka yako,
Lusajo