Orodha ya siri isigeuzwe hukumu

Mhariri,

Wanaotaka Marekani imnyime bunduki kila aliyemo kwenye orodha za washukiwa wa ugaidi wana uchungu wa kweli. Watu 49 waliuawa kwa risasi Orlando, Marekani, mwaka 2016. Ila muuaji yule, ingawa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliwahi kumchunguza, alikuwa ameshaondolewa kwenye orodha hiyo. Isingemzuia.

Kinachonitia shaka ni orodha zenyewe. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy alisumbuliwa viwanja vya ndege kwa sababu tu jina lake lilifanana na la mshukiwa. Yeye alikuwa na njia ya kumfikia waziri. Akina Mohamed na Abdallah wetu walioko Minneapolis watampigia nani? Hata Mandela, rais mstaafu mwenye Nobeli, alihitaji kibali maalumu kuingia Marekani hadi 2008, kwa sababu ya orodha kama hizo!

Bunduki sizipendi, na sheria zao naziona legevu mno. Lakini serikali ikimshuku mtu, imfikishe kwa jaji, itoe ushahidi, naye ajitetee. Jaji akiridhika, mtu huyo anyang'anywe hata manati.

Msomaji wenu,
Tanga