Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi, Tarehe 6 Februari

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Kwa niaba ya wanaklabu wote tunasema karibu sana na asante kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa na sisi.

Mheshimiwa, wengi wametuuliza mbona sherehe tumeiweka leo na sio siku ingine. Jibu ni kwamba tarehe 6 Februari imebeba wanamuziki wengi mno, kuna waliozaliwa na kuna waliotutoka, na sisi kwenye klabu hatupendi kusoma majina tu alafu tukapiga makofi, tunachukua siku moja tunaifuatilia mpaka tujue huyu mtu alifanya nini na kwanini bado anasikilizwa.

Lazima tuanze na Bob Marley. Amezaliwa leo, mwaka 1945, kijiji cha Nine Mile huko Jamaica, akakulia Trench Town pale Kingston, na bendi ya The Wailers aliianzisha na kina Peter Tosh na Bunny Wailer wakiwa bado vijana kabisa. Ila kitu kilichotugusa zaidi ni Aprili 1980, Zimbabwe inapata uhuru na yeye amealikwa kupiga pale uwanja wa Rufaro, watu walioko nje wakawa wanasukuma wanataka kuingia, polisi wakarusha mabomu ya machozi, moshi ukafika mpaka jukwaani na shoo ikasimama. Angeweza kabisa kupanda gari akaondoka, lakini alirudi akaendelea kuimba na kesho yake akapiga tena. Mwaka mmoja baadae, tarehe 11 Mei 1981, alifariki akiwa na miaka 36 tu. Mwaka 2005 bethidei yake ya 60 ilisherehekewa Addis Ababa kwa tamasha kubwa, mwenyewe hayupo miaka zaidi ya ishirini na watu wamejaa uwanjani, sisi tunaona hiyo ni heshima ambayo hainunuliki.

Leo pia ni bethidei ya mwimbaji wa Marekani Natalie Cole, 1950. Huyu, mheshimiwa, amewatoa machozi wengine humu klabuni. Baba yake, Nat King Cole, naye mwimbaji, alifariki tarehe 15 Februari 1965, yaani siku tisa tu baada ya mtoto kutimiza miaka 15. Alafu mwaka 1991 Natalie akaingia studio, sauti ya baba ikatolewa kwenye rekodi ya zamani, yeye akaimba pembeni yake, wimbo Unforgettable, na ukisikiliza na hedifoni unasikia kabisa wanapokezana mistari kama wamesimama chumba kimoja. Kwenye Grammy za 1992, tuzo kubwa za muziki za Marekani, aliondoka na tuzo ya rekodi bora na ya albamu bora. Axl Rose wa bendi ya roki ya Guns N' Roses (1962) na mwimbaji Rick Astley (1966) nao ni wa leo, hao wana mashabiki wao hapa na watasikika baadae.

Na tunamkumbuka Lata Mangeshkar, aliyefariki Mumbai tarehe kama ya leo 2022 akiwa na miaka 92. Miaka na miaka waigizaji kwenye filamu za Kihindi walikuwa wanafumbua midomo tu na sauti ni ya Lata, vizazi kwa vizazi vya waigizaji, na alipoondoka India nzima ilitangaza siku mbili za maombolezo.

Mheshimiwa, haya yote tumeyajua kwa sababu kuna mtu aliandika tarehe. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, maisha yake yote alisema kazaliwa tarehe 4 Julai 1900, akafariki 1971, na ni baadae sana ndio kitabu cha ubatizo cha kanisa kikaonyesha ni tarehe 4 Agosti 1901. Bi Kidude wetu katutoka tarehe 17 Aprili 2013 na mpaka leo watu wanabishana alikuwa na miaka mingapi. Hili linatuuma kweli, mtu kaimba maisha yake yote alafu hatuna hata siku ya kumwimbia yeye.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza sio pesa. Tunaomba utusaidie tupate kinasa sauti na mtu wa kutufundisha kukitumia, ili tuwafuate wanamuziki wazee wakiwa bado hai, watuambie wenyewe wamezaliwa lini, nyimbo zao za kwanza walirekodi wapi na nani alipiga gitaa, tuandike na tuhifadhi maktaba. La pili ni spika, zilizopo zinakoroma besi ikipanda na reggae bila besi mheshimiwa unajua mwenyewe.

Bendi ya klabu iko tayari, wataanza na nyimbo za Marley, na kiti chako tumekiweka mbele kabisa.

Tunaomba kuwasilisha.