Kaa kwenye stuli kwanza

Mwanangu Rehema,

Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Nimesikia ujumbe wako: malaria imekwisha lakini ngazi za hosteli zinakushinda, na eti umekuwa mvivu. Uvivu gani? Mwili una deni, unalipa taratibu.

Unakumbuka safari zangu za Guangzhou, kule China, kufuata mzigo wa mabegi? Safari moja nilichoka hadi sokoni sikwenda. Asubuhi nikawa najikokota hadi Bustani ya Yuexiu, si mbali na Xiaobei tunakofikia Waafrika wengi. Pale wazee hufanya qigong, wao hutamka chigung, mazoezi ya polepole yanayofuata pumzi. Bibi mmoja aliniona nimejikunja kwenye benchi, akanifundisha kwa ishara, maana lugha hatukuelewana.

Mazoezi yao ni Baduanjin, vipande vinane vya hariri ya nakshi. Vyote vinane usiviguse sasa. Chukua kile cha kutazama nyuma. Jina lake linataja uchovu wa aina tano na majeraha saba. Kijana wa dukani aliponitafsiria nilicheka, nikaona yote kumi na mawili ni yangu.

Kaa kwenye stuli, nyayo chini, mikono mapajani. Vuta pumzi kwa pua ukigeuza shingo kushoto, kama mtu aliyeitwa nyuma. Toa pumzi ukirudi. Kisha kulia. Shingo usiifikishe mwisho, ishia pale unapoona bado ungeweza kuendelea. Hapo ndipo nilipopata shida, kwani sisi tumezoea zoezi ni jasho. Kila nilipojikaza, bibi alinigonga begani. Mara tatu kila upande zinatosha, halafu weka viganja chini ya kitovu, usikilize tumbo likipanda na kushuka. Ukipata kizunguzungu, acha, kalale.

Wao husema chi, yaani nguvu ya uhai mwilini, inarudi. Mimi chi sijaiona. Najua tu siku ya tano nilipanda ngazi hadi kwenye sanamu ya mbuzi watano, mle mle bustanini, bila kusimama. Pengine ni usingizi, wiki ile nililala mno.

Homa ikirudi, au macho yakiwa ya manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata isiporudi, waombe wakupime wingi wa damu, malaria huipunguza.

Nimekutumia hela ya maini na mchicha. Si ya bando.

Mama yako