Faudhi na ile injini

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na mama mkubwa nisalimie. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutoa roho. Kimya changu najua, lawama ziweke, tutagombana nikija.

Sauti uliyonitumia usiku nimeisikia, unalia kwamba mwalimu anayemfundisha mwanao Faudhi urubani huzima injini moja makusudi ndege ikiwa angani. Zoezi hilo lipo, shoga, la zamani, na kuna waliolifanya likawa balaa. Huku Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga lilikuwa na jeti iitwayo Meteor, injini zake mbili zimekaa mbali moja na nyingine kwenye mabawa. Moja ikizimika, nyingine inaisukuma ndege upande, rubani anakanyaga pedali mpaka mguu unatetemeka. Ili vijana wazoee, wakawa wanazimiwa injini kweli, tena ndege ikiwa karibu na ardhi. Basi wakafia mazoezini!

Na ile ya viti viwili ya kufundishia, ukishusha magurudumu breki za hewa (mabamba ya kupunguza mwendo angani) zikiwa bado wazi, iliweza kuyumba upande na kuinamisha pua ghafla. Ukiwa chini huna pa kuiokolea, wala kiti cha kukurusha nje hakikuwemo. Mafuta nayo hayafiki saa nzima. Jeshi hilo lilipoteza Meteor 890 kwa jumla, marubani 450 wakafa. Mwaka 1953 peke yake zilianguka 145. Vita vimekwisha, mwenzangu!

Pale Biggin Hill, kiwanja cha jeshi hilo karibu na kwa Mwanaisha, tarehe 18 Juni 1951 moja ilianguka mara tu baada ya kuruka, mbili zilizokuwa zikizunguka juu ya mabaki zikagongana. Marubani watatu wakafa, siku moja. Mtu akiniambia ni ujana uliwaua, namkatalia. Aliyepanga mazoezi yale ndiye wa kuulizwa, maana kijana akiambiwa zima, anazima.

Ndiyo maana nasema Faudhi usimgombeze, hana kosa. Nenda chuoni kwao uwaulize wakubwa, na usiogope sare zao. Injini wanaizima kabisa au wanaipunguza tu? Wakiwa juu kiasi gani? Zoezi hilo wanalianzia kwenye simuleta, ile mashine ya chini ya kuigiza kuruka? Mwalimu mwenyewe ana saa ngapi za kuruka? Na ada umeshamaliza? Baba yake unamwambia lini, au unangoja aone picha za mtoto kwenye simu ya jirani? Halafu yule Kidawa, kweli kaolewa tena?

Nijibu upesi.

Wako,
Rehema